Nani Analipia Kijiti? Utangulizi wa Taaluma ya Ugharamiaji wa Uzazi wa Mpango

Mwanamke anayekwenda kuwekewa kijiti katika zahanati ya Serikali nchini Tanzania hatakiwi kulipa chochote. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, uzazi wa mpango uliwekwa kwenye kundi la msamaha pamoja na huduma za wajawazito na za watoto wa chini ya miaka 5, na humo umebaki. Lakini huduma ya bure kabisa haipo. Isipolipiwa na anayeipata, imelipiwa na wengine, na mara nyingi ni watu watano au sita wasiofahamiana.

Hebu tukitazame kijiti chenyewe. Kama ni Jadelle, kimetoka kiwandani Turku, Finland, na kimenunuliwa kwa dola. Kimepita forodhani, kikakaa Bohari ya Dawa, kikapakiwa kwenye gari hadi wilayani na hatimaye kufika kwenye kabati la zahanati. Muuguzi anayekiweka hulipwa mshahara na Serikali. Jengo ni la halmashauri, au lilianzishwa na wanakijiji waliochangishana matofali na nguvu kazi. Ganzi, glavu, dawa ya kusafishia ngozi na plasta hutoka kwenye kasma ya dawa na vifaa tiba, ambayo huenda siyo iliyonunua kijiti. Mafunzo ya muuguzi pengine yaligharamiwa na mradi uliofungwa zamani. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: ngozi ya upande wa ndani wa mkono inasafishwa, inachomwa ganzi kidogo, kijiti kinapenyezwa chini yake, kidonda kidogo kinafungwa. Kikikosekana kitu kimoja tu kati ya hivyo vyote, mama anarudi nyumbani kama alivyokuja.

Taaluma ambayo kitabu hiki kinakukaribisha ndani yake inauliza nani alilipia kipi, kwa nini alilipa yeye na si mwingine, na nini hutokea siku asipolipa. Inachota kutoka kwenye uchumi, tiba, demografia, sheria na siasa, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoimudu peke yake. Mchumi asiyewahi kusoma rejesta ya zahanati atahesabu fedha zilizotengwa na kudhani amehesabu huduma. Daktari asiyesoma vitabu vya bajeti atalalamikia upungufu wa dawa bila kujua ulianzia wapi.

Hoja kuu inayopita katika sura zote ni rahisi kuitamka, ingawa matokeo yake ni mengi. Kwa miongo kadhaa katika Afrika Mashariki, wafadhili wa nje wamenunua sehemu kubwa ya bidhaa za uzazi wa mpango, na Serikali zimelipia mkono unaozitumia: mishahara, majengo, umeme, usimamizi. Hakuna sheria iliyoamuru mgawanyo huo. Ulijijenga wenyewe, mradi baada ya mradi. Ndiyo maana watu wawili waaminifu wanaweza kubishana mchana kutwa. Anayehesabu bidhaa atasema Serikali inategemea misaada. Anayehesabu mishahara atasema Serikali ndiyo mlipaji mkubwa. Wote wawili wana hesabu sahihi, na wote wawili wanakosea wakidhani hesabu yao inatosha, kwa sababu huduma nusu haimsaidii mtu yeyote. Vijiti bila muuguzi vitaisha muda wake ghalani, na muuguzi bila vijiti atabaki kutoa ushauri tu. Udhaifu wa mfumo wote uko pale mifuko miwili inapokutana, na hapo ndipo tunapokuomba uelekeze macho.

Kutoka chama hadi wizara

Tanzania haikuanza na wizara. Ilianza na chama cha hiari, kinachojulikana leo kama UMATI, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1959 na ambacho kilipata msaada kupitia Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF. Katika miaka ya mwanzo Serikali ilikitazama kwa tahadhari, kwa kuwa wazo la kuhesabu watoto lilionekana kuwa la wageni, nalo lilifika wakati nchi ilikuwa inajihesabia watu wa kulima na kujenga. Hata hivyo, mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wazazi kwamba malezi ya watoto ni muhimu kuliko wingi wao. Mwaka 1974 huduma za chama ziliruhusiwa kuingia katika kliniki za mama na mtoto za Serikali. Mwaka 1989 ulianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango chini ya Wizara ya Afya, na mwaka 1992 nchi ikapata sera yake ya kwanza ya idadi ya watu. Wasomaji wenye umri wataikumbuka Nyota ya Kijani, alama iliyobandikwa kwenye kuta za vituo vinavyotoa huduma hiyo.

Tazama kilichotokea baada ya hapo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 1991/92, takriban asilimia 7 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa. Mwaka 1996 walikuwa asilimia 13, na mwaka 1999 asilimia 17. Kisha mwendo ukapungua: mwaka 2004/05 walikuwa asilimia 20 tu. Kwa nini?

Sababu mojawapo imo katika namna fedha zilivyobadilisha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafadhili kadhaa waliacha kugharamia mradi mmojammoja, wakaanza kuchangia mfuko wa pamoja wa sekta ya afya, na mamlaka ya kupanga yakasogezwa kwenye halmashauri. Mageuzi hayo yalikuwa na mantiki nzuri. Halmashauri inajua shida zake kuliko ofisi iliyo mbali. Lakini uzazi wa mpango, uliozoea kuwa na mfuko wake na watu wake wa kuutetea, sasa ulilazimika kushindana mezani na malaria, paa linalovuja na gari la wagonjwa lililokufa. Katika ushindani huo una kasoro moja kubwa: matunda yake hayaonekani. Mgonjwa wa malaria anakaa kwenye benchi na diwani anamwona. Mimba ambayo haikutokea haipangi foleni.

Siasa nayo huingia. Septemba 2018, akihutubia Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwapinga hadharani wanaotumia uzazi wa mpango, akiwaona kama wavivu wanaokwepa kufanya kazi ya kulisha watoto. Siku chache baadaye wizara ilisimamisha matangazo ya redio na televisheni ya mradi uliofadhiliwa na Marekani. Huduma zenyewe hazikufungwa. Tukio hilo linamfundisha mwanafunzi kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: sera iliyoandikwa, fedha iliyotolewa, na kauli ya kiongozi. Kila moja ina njia yake ya kumfikia mwanamke aliyeko kijijini, na si lazima zifuatane.

Kenya na miaka mitano iliyosimama

Kama kuna kisa kimoja ambacho kila anayeingia katika taaluma hii anapaswa kukijua, ni cha Kenya. Nchi hiyo ilianzisha mpango wake wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Kwa miaka kumi na zaidi mpango haukuonyesha matunda: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto 8 kwa wastani, kiwango cha juu sana duniani. Baadaye mambo yakageuka kwa kasi ambayo wataalamu wengi hawakuitarajia. Wastani ulishuka hadi 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993 na 4.7 mwaka 1998. Vitabu vya demografia vikaifanya Kenya kielelezo.

Utafiti wa mwaka 2003 ukaleta mshangao. Wastani haukushuka, ulikuwa 4.9. Asilimia ya wanawake walioolewa wanaotumia njia yoyote ilikuwa 39, ileile ya miaka mitano kabla. Watafiti walianza kutafuta chanzo, na hadi leo wanapima uzito wa kila sababu. Uchumi ulikuwa umedorora. Ukimwi ulikuwa umechukua nguvu, wahudumu na fedha, na wafadhili walielekeza macho huko. Uzazi wa mpango ukachukuliwa kama kazi iliyokwisha, na katika vituo vingi bidhaa zikawa za kubahatisha. Mwaka 2001 Marekani ilikuwa imerudisha sharti lake, lililoanza wakati wa Rais Reagan mwaka 1984, la kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba, hata kama kwa fedha za vyanzo vingine. Chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa kutia saini, kikakosa fedha na kufunga baadhi ya kliniki zake.

Jibu la Serikali lilikuwa la kihasibu, na ndiyo maana linatupendeza: mwaka 2005 uzazi wa mpango uliwekewa kasma yake katika bajeti ya taifa. Kasma ni mstari mmoja tu kwenye kitabu kinene, lakini kitu chenye mstari kinaweza kuulizwa bungeni. Wabunge wanaweza kuuona umepunguzwa, wanaharakati wanaweza kuulinganisha na wa mwaka jana, na mkaguzi anaweza kuuliza fedha zilikwenda wapi. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 wastani wa watoto ulikuwa 3.4, na asilimia 57 ya wanawake walioolewa walitumia njia za kisasa. Hatusemi kasma ndiyo iliyoleta yote hayo. Elimu ya wasichana, maisha ya mjini na bei ya vijiti vilikuwa na mchango mkubwa. Tunasema kwamba nchi iliona hatari ya kuacha bidhaa zote mikononi mwa wengine, ikaanza kuweka mkono wake.

Kenya inatupa na fumbo la pili. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko chini ya kaunti 47. Kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi na kuendesha vituo, ilhali ununuzi wa bidhaa za uzazi wa mpango umeendelea kutegemea zaidi Serikali Kuu na wafadhili. Kila upande una sababu ya kuamini kwamba upande wa pili utalipa. Mwanafunzi anayetaka mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kipimo kina siasa yake

Ili kulinganisha kidonge, sindano na kijiti, wapangaji hutumia kipimo kinachoitwa mwaka wa kinga kwa wanandoa: ni kiasi gani cha bidhaa kinachohitajika kuwakinga wanandoa kwa mwaka mmoja. Kwa viwango vilivyozoeleka, sindano 4 za miezi mitatu ni mwaka mmoja wa kinga. Pakiti 15 za vidonge pia ni mwaka mmoja, na kondomu 120 vilevile. Jadelle, inayofanya kazi miaka 5, huhesabiwa kuwa miaka 3.8, kwa kuwa wanawake wengi huiondoa mapema.

Sasa tia bei. Mwanzoni mwa mwaka 2013, kwa makubaliano kati ya kampuni ya Bayer na kundi la wafadhili waliohakikisha ununuzi wa mamilioni, Jadelle ilishuka kutoka dola 18 hadi 8.50. Gawanya kwa 3.8 na utapata takriban dola 2.24 kwa mwaka wa kinga. Sindano mpya ya kujichoma chini ya ngozi ilifikia senti 85 za dola kwa dozi mwaka 2017. Dozi 4 ni dola 3.40. Kwa mnunuzi wa bidhaa, hesabu imekwisha: nunua vijiti.

Lakini hesabu hiyo imeacha nje mambo mawili. La kwanza ni kwamba kijiti kinahitaji mtu aliyefundishwa, chumba na vifaa safi, wakati sindano mpya mwanamke anaweza kujichoma mwenyewe nyumbani baada ya kufundishwa. Gharama imehama kutoka mfuko wa mfadhili hadi mfuko wa Serikali, na jedwali la mnunuzi halionyeshi hilo. La pili ni zito zaidi. Kipimo hiki huhesabu kuweka, kutoa hakihesabu. Miradi mingi imepimwa kwa idadi ya vijiti vilivyowekwa, na miaka iliyofuata vituo vikajikuta na wanawake wanaotaka vitolewe, kwa sababu muda umeisha, au damu haikatiki, au wanataka mtoto, bila muuguzi mwenye ujuzi wala wembe na ganzi ya kufanyia kazi hiyo. Mwanamke anayeweza kuwekewa bure asiweze kutolewa bure hajapewa chaguo kamili. Kwa hiyo tunapendekeza kanuni ndogo kwa yeyote anayesoma bajeti ya uzazi wa mpango: tafuta mahali ilipoandikwa gharama ya kutoa. Isipoonekana, uliza.

Ubishi wa zamani: je, fedha ina kazi?

Usidhani wote waliomo katika taaluma hii wanakubaliana kwamba fedha ina uzito. Mwaka 1994 mchumi Lant Pritchett alichapisha makala iliyowachokoza wengi. Alionyesha kwamba tofauti za uzazi kati ya nchi na nchi huelezwa, kwa takriban asilimia 90, na idadi ya watoto ambayo wanawake wenyewe wanaitaka. Kama ni hivyo, hoja yake ilisema, kumwaga vidonge si dawa. Badilisha elimu, kipato na nafasi ya mwanamke, na uzazi utabadilika wenyewe.

Upande wa pili una Matlab, wilaya ya mashambani nchini Bangladesh. Kuanzia mwaka 1977, takriban nusu ya vijiji vya eneo la utafiti vilipata wahudumu wanawake waliopita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, wakiwa na njia mbalimbali na wakirudi kuwasaidia waliopata maudhi. Vijiji vingine vilibaki na huduma ya kawaida. Tofauti ilionekana mapema na ikadumu. Shareen Joshi na T. Paul Schultz, wakiangalia hali ya karibu miaka ishirini baadaye, walikuta uzazi umepungua kwa takriban asilimia 15 zaidi katika vijiji vilivyohudumiwa. Wapinzani walijibu kwamba huduma ya namna ile ilikuwa ghali mno kwa nchi maskini kuiga. Ndipo ubishi ulipofika mahali pazuri: ukaacha kuuliza kama fedha ina kazi, ukaanza kuuliza inafanya kazi gani, kwa gharama ipi, na kwa nani.

Kuna pia kivuli cha kihistoria ambacho hatuna ruhusa ya kukisahau. Wakati wa hali ya hatari nchini India, kati ya mwaka 1975 na 1977, Serikali ilitoa fedha nyingi, ikaweka malengo kwa kila jimbo, na mamilioni ya watu wakafungwa kizazi, wengi wao kwa shinikizo. Fedha ilikuwepo na malengo yalifikiwa. Kilichokosekana ni ridhaa. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, ambapo nchi 179 zilipitisha mpango wa utekelezaji, uligeuza mtazamo: lengo si tena kupunguza idadi ya watu, ni kumwezesha kila mtu kuamua azae lini na mara ngapi. Kwa mtu wa bajeti, hilo linabadilisha kinachonunuliwa. Mpango wa idadi unaweza kuridhika na njia moja ya bei nafuu iliyosambazwa kwa wingi. Mpango wa haki lazima uwe na njia kadhaa kabatini, muda wa ushauri, na uwezo wa kuacha.

Hata anayejali hazina tu ana hoja. Taasisi ya Guttmacher ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kila dola 1 inayoongezwa kwenye huduma za kuzuia mimba huokoa takriban dola 3 katika gharama za wajawazito, uzazi na watoto wachanga. Tatizo ni kwamba anayeokoa siye anayelipa. Mfadhili wa bidhaa hatoi huduma ya wodi ya wazazi, na hazina inayoendesha wodi haikununua bidhaa. Tunarudi palepale mifuko miwili inapokutana.

Asilimia iliyosimama, gharama inayopanda

Kosa la kawaida la anayeanza ni kusoma asilimia na kusahau watu. Nchini Tanzania matumizi ya njia za kisasa kwa walioolewa yalikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16 na asilimia 31 mwaka 2022. Mtu anaweza kusema hakuna kilichobadilika, kwa hiyo bajeti ibaki ilivyo. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na idadi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka tangu sensa ya 2012. Kila mwaka wasichana wengi zaidi wanaingia umri wa kuzaa kuliko wanaoutoka. Ili kubaki kwenye asilimia ileile, lazima zinunuliwe bidhaa nyingi zaidi kila mwaka. Bajeti iliyobaki ilivyo ni bajeti iliyopunguzwa. Na bado takriban mwanamke 1 kati ya 5 walioolewa anataka kuacha nafasi au kukoma kuzaa, ilhali hatumii njia yoyote.

Katika hali hiyo ndipo mwaka 2025 ulipotukuta. Marekani, iliyokuwa ikitoa takriban dola milioni 600 kwa mwaka kwa uzazi wa mpango duniani kote na kuongoza wafadhili wote, ilisimamisha misaada yake mwezi Januari na kulifunga shirika lake la USAID kufikia Julai. Bidhaa zenye thamani ya takriban dola milioni 9.7, zilizokwisha kununuliwa, zikakwama kwenye ghala nchini Ubelgiji, na ikatangazwa kwamba zingechomwa moto. IPPF ilieleza kwamba Tanzania peke yake ingekosa sindano zaidi ya milioni 1 na vijiti zaidi ya 365,000 vilivyokuwa kwenye shehena hiyo. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2021 Uingereza ilipunguza mchango wake kwa mpango wa bidhaa wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, kutoka pauni milioni 154 hadi 23.

Kwenye mazungumzo kama haya haichukui muda mtu kusema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ina ukweli wake, lakini haimpi mhasibu la kufanya Jumatatu asubuhi. Kujitegemea kwa ghafla kunaweza kumaanisha nchi kununua peke yake, kwa oda ndogo, na kulipa bei ya juu kuliko ile iliyopatikana kwa kununua kwa pamoja. Swali lenye manufaa ni la utaratibu: sehemu gani ihamie kwenye bajeti ya ndani mwaka huu, ipi mwaka ujao, na bei nafuu ilindwe vipi wakati wa kuhama? Bima nayo inasubiri jibu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya jamii Oktoba 2024. Bima imezoea kulipia ugonjwa, na anayetaka kuacha nafasi kati ya watoto haumwi. Namna kitita cha mafao kitakavyomtazama mtu huyo ni moja ya maamuzi makubwa ya miaka ijayo.

Namna ya kuingia

Taaluma hii haihitaji maabara. Inahitaji nyaraka, na nyingi ziko wazi. Anza na kitabu cha bajeti. Kwa Tanzania, Wizara ya Afya ni Fungu 52, na fedha za halmashauri husomwa chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kila mara dai tarakimu tatu: fedha zilizoidhinishwa na Bunge, zilizotolewa na Hazina, na zilizotumika. Angalia na tarehe pia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bidhaa za ng'ambo huchukua miezi mingi kufika. Fedha inayotoka Mei haiwezi kuwa kijiti mwezi Juni. Soma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Hesabu za Taifa za Afya, zinazogawa matumizi kwa Serikali, wafadhili na mifuko ya wananchi wenyewe.

Kisha shuka hadi kituoni. Omba, kwa kibali na kwa kulinda siri za wateja, kuona leja ya dawa na rejesta ya uzazi wa mpango, ile ya namba 8 katika mfumo wa taarifa za afya, MTUHA. Ziweke sambamba. Mwezi ambao leja inaonyesha sindano zimeisha, rejesta itakuonyesha waliorudi wakapewa vidonge, na wengine ambao majina yao hayaonekani tena. Waulize wauguzi gharama ambazo kitabu chochote hakizitaji. Utasikia habari za mama anayeambiwa anunue kipimo cha mimba dukani, au arudi akiwa kwenye siku zake ili ithibitike hana mimba, na nauli ya safari ya pili ikamshinda. Hiyo nayo ni ugharamiaji: sehemu ya bei ya huduma ya bure imehamishiwa kwa anayeihitaji, bila risiti.

Sura zinazofuata zimepangwa kwa kufuata njia ya fedha, kuanzia ahadi za kimataifa, kupitia hazina na halmashauri, hadi kwenye dirisha la huduma. Msomaji mwenye haraka anaweza kuanzia mwisho na kupanda juu. Pengine ndiyo njia bora, kwa sababu maswali ya dirishani hufanya vitabu vya bajeti visomeke. Ukishika hoja moja tu kutoka utangulizi huu, iwe hii: usiikubali tarakimu ya fedha ya uzazi wa mpango mpaka umejua imenunua nini, nani amelipia kilichobaki, na nini kitatokea mmoja wa walipaji akiondoka. Katika wilaya zetu nyingi maswali hayo matatu hayajawahi kujibiwa kwa maandishi. Chagua wilaya moja unayoifahamu, uanze nayo.